Kabati Lililokwama Ngazini

Wahenga walisema ya kale hayanuki. Naamini hawakuwahi kufungua droo ya kabati lililofungiwa stoo miaka thelathini. Harufu hiyo nilikutana nayo siku niliponunua kabati langu la kwanza la zamani, na kwa jinsi nilivyokuwa nimelewa uzuri wake, hata pua yangu niliiambia inyamaze. Lilikuwa refu, la mbao nyekundu iliyoiva, milango miwili yenye nakshi za majani, na juu yake taji kama la bibi harusi. Sikupima kitu. Nilisimama mbele yake, nikaona limependeza, nikalipa.

Ngazi za nyumbani kwangu zina kona. Vijana wawili wa kubeba walilisimamisha kabati, wakalilaza, wakaligeuza kichwa chini miguu juu, mwishowe wakaliegemeza ukutani nje na kunitazama kwa lile jicho la "mwenye mali ni wewe". Usiku ule mvua ikanyesha. Turubai niliyolifunika haikufika upande mmoja, na kulipokucha vinia ya ubavuni, ule utando mwembamba wa mbao nzuri uliogandishwa juu ya ubao, ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee. Alizunguka nyuma ya kabati hata kabla hatujamaliza kusalimiana.

"Mwanangu, mgongo wake uliutazama?"

"Hapana, mzee."

"Basi uliona sura tu."

Akapanda juu ya stuli, akalinyanyua taji. Likatoka bila msumari hata mmoja. Akainyanyua milango kwenye bawaba zake, akagonga kabari mbili za mbao upande wa ndani, akachomoa mbao za mgongoni moja baada ya nyingine kutoka kwenye mifereji yake, na kabla chai yangu haijapoa kabati lilikuwa rundo la mbao bapa linalobebeka kwapani. Makabati makubwa ya zamani mengi yaliundwa hivyo. Walioyaunda nao walikuwa na ngazi nyembamba, nao walihama nyumba. Ni mimi tu niliyedhani ni kitu kimoja kisichogawanyika.

Tangu siku hiyo nina wazo ambalo sijaliacha: kila fanicha ya zamani iliundwa kwa ajili ya chumba ambacho hutakiona kamwe. Chumba hicho kilikuwa na kimo chake cha dari, upana wake wa mlango, hewa yake, na watu waliovaa nguo zao na kukaa kwa namna yao. Fundi alivipima hivyo vyote, akaviingiza ndani ya mbao. Ukinunua meza, unahama nayo pamoja na chumba chake, na vyumba viwili hivyo itabidi vipatane.

Somo la pili lilinifikia wiki hiyohiyo. Kabati limeshapanda juu, limeungwa tena, nikatundika koti, mlango ukagoma kufunga. Henga ya kawaida yenye koti la mtu mzima inahitaji kina cha sentimita 55 hadi 60. Ndani ya kabati langu mlikuwa na sentimita 46. Halikuwa kosa la fundi aliyeliunda. Katika chumba chake nguo zilikunjwa kwenye rafu au zilining'inizwa kwenye vigingi, na henga kama tunazotumia leo haikuwa na nafasi katika hesabu zake. Wapo wanaotoboa mgongo wa kabati ili mabega ya makoti yapate pa kutokea. Siwezi. Unaweza kuweka fimbo fupi inayotoka nyuma kuja mbele, nguo zikatazama mlangoni kama watu waliopanga foleni. Mimi niliweka rafu, na kabati likawa la mashuka na mablanketi. Makoti yako kwingine.

Kwa hiyo siku hizi siendi kutazama fanicha bila karatasi ya vipimo mfukoni. Naandika upana wa mlango mwembamba kuliko yote njiani (mara nyingi si ule wa mbele, ni ule wa ndani), upana wa ngazi penye kona, ukuta wenyewe, na dari. Dari husahauliwa na wengi. Kabati lenye urefu wa mita 2.30 na kina cha sentimita 60 linaweza kusimama vizuri chini ya dari ya mita 2.35, lakini ukiliingiza likiwa limelala huwezi kuliinua: kona yake ya nyuma itapita kwenye mita 2.38 kabla halijanyooka. Hesabu hiyo ni ya darasani, ile ya pembetatu, na ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuiona ikinilinda mfuko.

Kisha natandaza magazeti sakafuni, nikayakata kwa ukubwa wa kile ninachokitaka, nikaishi nayo siku mbili tatu. Napita kando yake usiku kwenda kunywa maji. Navuta kiti kana kwamba kuna meza. Nyuma ya kiti cha mezani panatakiwa sentimita 75 kwa uchache ili mtu ainuke, na 90 kama mwingine atapita nyuma yake. Kwenye kabati la droo, droo ikiwa wazi nawe umesimama mbele yake, unakula nafasi karibu mara mbili ya ile uliyoiona dukani. Gazeti halina aibu: likikunjwa na mlango unapofunguliwa, umeshajibiwa.

Meza na viti vina vita vyao. Meza ya kulia huwa na kimo cha sentimita 72 hadi 76, na kiti sentimita 43 hadi 46, ili baina ya kiti na juu ya meza ibaki nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Vitu vya zamani haviheshimu tarakimu hizo. Kiti huenda kilikatwa miguu kwa sababu ncha zilioza kwenye sakafu yenye unyevu, au mtu aliwahi kukitaka kiwe kifupi. Meza nyingi nazo zina ubao mpana unaozunguka chini ya uso wake, na ubao huo ukishuka mno, mapaja hayaingii. Usisimame ukiitazama meza. Kalia. Pandisha mguu juu ya mguu. Mwuzaji mwema hatakuona mwehu. Hali kadhalika meza za kuandikia: ziliundwa kwa mkono ulioshika kalamu, na ukiweka kompyuta juu yake saa nane kwa siku, mabega yatakusimulia tofauti ya sentimita tano.

Naelewa kwamba wengi huanza na swali la umri, nami nalipitia haraka. Neno la kale, kwa maana inayotambuliwa na forodha za Marekani na wafanyabiashara wengi, ni kitu chenye miaka 100 au zaidi. Chenye umri mdogo kuliko huo wanakiita cha zamani tu, na hapo kila mwuzaji ana kalenda yake. Neno la kuogopa ni "mtindo". Kiti "cha mtindo wa kale" huenda kilitoka karakana juzi, gundi yake haijasahau. Si dhambi kukinunua, mradi unajua unachonunua.

Umri wa kweli hausomwi kwenye lebo. Nikipewa dakika tano mbele ya kabati, nne natumia kwenye droo. Naivuta ikatoka kabisa, naipindua, nawasha tochi. Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Droo ndiyo mahali ambapo fundi hakudhani utatazama, kwa hiyo hakujipamba. Pembeni, pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavu, utaona meno yaliyofumbatana yenye umbo la mkia wa njiwa. Meno machache yasiyolingana, moja nene, moja jembamba, na mstari hafifu wa alama ya penseli au msumari: hapo palipita mkono na patasi. Meno mengi yanayofanana kama mapacha ni kazi ya mashine, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19. Ukikutana na kiungo kisicho na mkia kabisa, bali nusu duara zenye nukta katikati, umeshika kitu cha Marekani cha takriban 1870 hadi 1900. Kiungo hicho kilitengenezwa kwa mashine iliyobuniwa na Charles Knapp, kikavuma miaka michache, kisha kikapotea. Ni miongoni mwa alama chache zinazokupa karibu tarehe kamili, na kila nikikiona nafurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu ugenini.

Chini ya droo tazama nyayo za msumeno. Mistari iliyonyooka ni ya msumeno wa kwenda na kurudi. Mistari ya upinde ni ya msumeno wa duara, ambao ulienea katika karne ya 19. Tazama skrubu: yenye mfereji mmoja usiokaa katikati ni ya zamani sana, yenye msalaba kichwani ni ya miaka ya 1930 au baadaye, kwa kuwa ndipo ilipoingia viwandani. Skrubu ya msalaba haithibitishi kwamba kabati lote ni jipya, kwa maana mtu anaweza kuwa alilikarabati jikoni kwake mwaka jana. Lakini mwuzaji akiapa kuwa halijaguswa tangu 1850, skrubu hiyo imemkana.

Hila ninayoipenda zaidi ni ya meza ya duara. Mbao husinyaa kwa kukatisha nyuzi zake, karibu haisinyai kwa kufuata urefu wa nyuzi. Kwa hiyo meza iliyoundwa duara kamili kwa ubao mzito, baada ya miaka mia, si duara tena. Pima kipenyo upande mmoja, pima upande wa pili. Ikipungua milimita kadhaa kwa kukatisha nyuzi, umri unazungumza, na hakuna mghushi mwenye subira ya kuuiga.

Kuna pia kile ambacho wafanyabiashara wa fani hii hukiita ndoa: sehemu ya juu ya kabati moja imewekwa juu ya sehemu ya chini ya jingine, zikaishi pamoja. Utaijua kwa kutazama mgongo. Mbao za juu zinakwenda wima, za chini zinakwenda mlalo; rangi ya uzee imetofautiana; mkia wa njiwa wa juu si ndugu na wa chini. Mkusanyaji atanuna. Mimi ninayetaka mahali pa vitabu sinuni, mradi bei nayo imeijua ndoa hiyo. Ni vivyo hivyo kwa vishikio vilivyobadilishwa. Ukifungua droo ukakuta ndani matundu mawili yaliyozibwa kando ya vishikio vya sasa, kitu kimepoteza sehemu ya thamani yake ya kale, lakini hakijapoteza chochote katika kufunguka.

Ninachokataa ni bungua walio hai. Matundu ya milimita moja au mbili, ya mviringo, peke yake ni historia: mdudu alishatoka na kwenda zake. Unga mpya wa rangi ya krimu chini ya matundu hayo ni habari ya leo, kwa sababu buu la bungua hula ndani ya mbao miaka kadhaa kabla ya kujitokeza. Kila kinachoingia kwangu kwanza hukaa peke yake, juu ya karatasi nyeusi, majuma kadhaa. Karatasi ikibaki nyeusi, karibu ndani. Majumba ya makumbusho huwaua wadudu hao kwa kuvigandisha vitu katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa. Mimi sina friza ya kuingiza kabati, kwa hiyo nina karatasi nyeusi na ukaidi.

Rangi nayo. Kitu kilichopakwa rangi zamani huenda kina risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978 tu, na kwingine baadaye. Usikipige msasa sebuleni, wala usikipe chumba cha mtoto anayetafuna kila kitu. Vitanda vya kale vya watoto wachanga navyo viache kwa mapambo: baina ya nguzo na nguzo, kiwango cha Marekani leo hakizidi sentimita 6, nao mafundi wa zamani hawakukijua. Na kabati lolote refu la droo, liwe la kale au la jana, lifunge ukutani. Kuhusu mbao zenyewe, ukinunua kutoka nchi nyingine uliza aina yake. Rozwudi ya Brazili iko katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, na kiti kizuri kinaweza kuishia mikononi mwa forodha.

Sasa uzuri, ambao ndio uliotuleta wote hapa. Nyumba za leo zina vyumba vidogo kuliko vile vilivyozaa makabati mapana na meza za watu kumi na wawili, ndiyo sababu mojawapo ya vitu hivyo vya kahawia kuuzwa kwa bei nafuu huku viti vyembamba vya katikati ya karne ya 20 vikigombaniwa. Mwenye ukuta mmoja mrefu ana bahati. Kipande kimoja kikubwa, kikiachiwa nafasi tupu pande zote mbili, hukituliza chumba. Vipande sita vidogo vya zamani vikibanana hukigeuza stoo. Niliwahi kufanya hilo la pili. Wageni walikuwa wakikaa ukingoni mwa viti, kama walio kwenye jumba la makumbusho wakimsubiri mlinzi awafukuze.

Habari ya mbao kufanana isikusumbue. Watu hutafuta meza ya mti uleule wa kabati, wakachoka. Mimi hutazama kilicho chini ya rangi: je, inaelekea wekundu, unjano, au ukijivu? Mahogani nyekundu na msaji wa dhahabu hupatana kukiwa na kitu cha tatu baina yao, mkeka mweusi, chuma, kitambaa cheupe. Mbao mbili zinazokaribia kufanana ndizo zinazogombana zaidi, kama suruali na koti vya buluu mbili zilizokosana kidogo tu.

Na kwa nyumba ndogo kuna fanicha za zamani ambazo ziliundwa zikijua kwamba zitahama. Mwaka 1859 fundi fanicha Michael Thonet alitoa kiti nambari 14, cha mbao zilizopindwa kwa mvuke: vipande sita, skrubu kumi, nati mbili. Viti 36 vilivyofumuliwa vilienea ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Kufikia 1930 vilikuwa vimeuzwa takriban milioni 50, ndiyo maana bado unaweza kuvipata, na havikosi kupatana na meza yoyote, kwa kuwa havina kiburi cha mapambo. Stuli ya Alvar Aalto, msanifu wa Ufini, ya 1933, yenye miguu mitatu, hupandana moja juu ya nyingine. Chumba ambacho viliundiwa hakikuwa kimoja. Kilikuwa chumba chochote. Nikiulizwa na rafiki aanze wapi, humwambia aanze na kiti cha namna hiyo, kosa lake likiwa dogo na jepesi.

Halafu kuna hewa. Mbao hupenda unyevu wa wastani, baina ya asilimia 40 na 60, na huchukia mabadiliko ya ghafla kuliko hali yoyote moja. Meza iliyoishi karne nzima katika chumba chenye unyevu, ukiiweka mbele ya kiyoyozi au kando ya hita, itapasuka katikati usiku kwa mlio utakaodhani ni mwizi. Iache ikae mbali kidogo. Isipigwe jua la dirishani.

Usikimbilie msasa pia. Nilikimbilia mara moja, kwenye meza ndogo yenye vinia, nikiwaza kuondoa alama nyeupe za vikombe. Vinia za kale zilizokatwa kwa msumeno zilikuwa na unene wa milimita moja na nusu au zaidi. Nyingi za karne ya 20 hazifiki hata milimita moja. Yangu ilikuwa ya namna ya pili, na katikati ya meza paliota kidonda cha plaiwudi. Baadaye niliambiwa alama zile nyeupe zilikuwa unyevu ulionaswa ndani ya shelaki, ile vanishi ya utomvu wa wadudu, na kwamba zingeondoka kwa kitambaa chenye tone la spiriti na mkono mwepesi. Shelaki huyeyuka kwa spiriti: ukigusa kidogo mahali palipojificha ukaona pananata, umeshajua unashughulika na nini.

Ubavu wa kabati langu, ule uliovimba kwa mvua, fundi mzee aliutengeneza kwa hila hiyohiyo ya kujua kitu kimeundwaje. Gundi ya zamani ya ngozi za wanyama hulainika kwa joto na maji, ikipoa hushika tena. Aliweka kitambaa kibichi, akapitisha pasi ya uvuguvugu juu yake, akaikandamiza vinia kwa ubao na vizito hadi kesho yake. Ikarudi, isipokuwa tuta moja dogo ambalo jicho halilioni. Kidole changu hulijua.

Harufu haikuisha. Nililianika kivulini, nikaweka magadi ndani ya bakuli, nikapaka shelaki ndani ya droo ili kuifungia humo. Siku za kiangazi huwezi kujua. Lakini mvua ikianza kunyesha, hurejea polepole kutoka kwenye mbao za mgongoni: karatasi kuukuu, nta, nguo za mtu fulani. Basi huacha mlango mmoja wazi, nikaendelea na shughuli zangu.